Kilio Changu Kisiwe na Mkate

Sogeeni karibu, wanangu. Abigaël, funga huo mlango, vumbi la mgodi lisituingilie, maana kifua changu hakina tena nguvu ya kushindana na vumbi na maneno kwa wakati mmoja. Modeste, kaa upande huu wa sikio langu zuri. Na wewe Adèle, mke wa mwanangu, najua kwamba kwetu mkwe husubiri nje baba anapogawa vitu vyake, lakini leo ingia, tena ukae kwenye kiti, si chini kwenye mkeka, kwa sababu mengi nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko hawa niliowazaa. Jémima, mjukuu wangu, mwacheni acheze uani kwanza. Nitamwita mwenyewe.

Nitasema Kiswahili bora, kile cha kanisani, si hiki chetu cha Musonoi, ili kesho mtu asije akadai kwamba mzee alikuwa akipiga soga tu. Huu ni wosia. Yeyote atakayewauliza, mwambieni mlinisikia nikiwa na akili zangu timamu.

Nianze na vitu, kwa kuwa ndivyo mnavyongoja kuvisikia, na siwalaumu. Nyumba hii pamoja na nyufa zote ambazo milipuko ya mgodi imezifungua ni ya Modeste, na siku watakapokuja na maneno yao ya kutuhamisha, yeye ndiye atakayezungumza nao, ila popote mtakapopelekwa Abigaël asikose chumba chake. Shamba la Lubudi ni la Abigaël, na mtu asimwambie kwamba mwanamke harithi ardhi ya ukoo, kwa sababu yeye amelilima huku sisi wanaume tukilisifu tu. Baiskeli mpeni mlinzi wa kanisa. Na lile jiko la nyuma, nililolijenga kwa matofali ya kuchoma, pamoja na kila kilichomo, sufuria, vikaango, miiko, chekecheke, mbabula ya makaa na gunia la mahindi, ni la Adèle. Sikusema la Modeste aliyemwoa. Ni la Adèle mwenyewe, na mtu wa ukoo wangu asimwondolee hata kifuniko.

Naona mnatazamana. Mwanaume aliyekula ujana wake kwenye karakana ya mgodi, mzee wa kanisa juu yake, anakata roho akigawa miiko. Mimi pia naona aibu, lakini aibu ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo, na nimechoka kuwa mtumishi wake. Basi nisikilizeni hadi mwisho, wala msinionee huruma katikati ya maneno.

Mnakumbuka Jémima alivyokuwa alipoachishwa ziwa. Mtoto mnene, mwenye kelele. Tukamlisha kama tulivyokula sisi wenyewe, mkate uliochovywa kwenye chai asubuhi, mandazi ya njiani, makaroni siku za sherehe, na kadiri tulivyomlisha, tumbo likazidi kuvimba na miguu ikazidi kukonda. Tulimpa dawa za minyoo. Tukamwombea mpaka magoti yakauma. Mwishowe Modeste akamchukua kwa lori hadi Lubumbashi, na daktari mmoja wa huko akampima damu, akaeleza kwamba tumbo la mtoto huyu halipatani na ngano. Kwamba hiyo si laana wala si ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba dawa yake ni moja tu: ngano isiingie kinywani mwake maisha yake yote, hata makombo, hata unga ulioganda kwenye mwiko.

Mimi nilicheka. Ninyi mmezaliwa mkiukuta mkate mezani, hamjui mkate ulikuwa nini kwetu. Siku nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mkate, nikaubeba kwapani bila kuufunga, nikapita njia ndefu ili cité yote, mtaa mzima wa wafanyakazi, ione kwamba mtoto wa mkulima wa Lubudi sasa ana kazi. Tangu siku hiyo, kwangu mimi nyumba isiyo na mkate ilikuwa nyumba ya mtu aliyefukuzwa kazi. Kisha anakuja daktari na kuniambia niutoe mkate nyumbani kwangu.

Adèle hakucheka. Alitoa kila kitu jikoni, akasugua, akaanika juani. Aliacha kununua unga wa sokoni, kwa sababu aliwaona wauzaji wakichota unga wa ngano na wa mahindi kwa kopo lile lile, akawa ananunua mahindi ya punje, anayapembua, na kuyapeleka kusaga yeye mwenyewe. Alifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa sufuria moja, kikaango kimoja na mwiko mmoja, akatuambia kwamba hivyo ni vya Jémima, mtu asivitumie kwa kitu kingine. Halafu akaanza kuutafuta mkate wa mtoto wake. Alikanda unga wa mahindi na ndizi zilizoiva sana, akaufunga kwenye majani na kuupika kwa mvuke. Wa kwanza ulitoka mgumu, wa pili ukawa matope, na mimi nikamwambia, mtoto akiwa anasikia, kwamba hicho ni chakula cha kuku. Aliendelea, mpaka siku moja ukatoka laini, na harufu yake ikamfikia hata jirani. Mtoto akaota mashavu. Akaanza tena kelele zake.

Na mimi babu yake nikafanya nini? Kila mgeni alipoingia, nilimwambia Adèle amtoe mtoto, akale nyuma ya jiko, ili watu wasiulize kwa nini anakula peke yake kitu chake kwenye sahani yake. Mtoto akazoea. Ikafika mahali ambapo akisikia tu mtu anabisha hodi, anabeba sahani yake mwenyewe na kutoka, bila kuambiwa. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nikamsifu kwamba ana adabu.

Sasa tunafika kwenye kilio cha mama yenu. Modeste, usiinamishe kichwa. Mlikuwapo wote, mliona yote, na tangu siku hiyo mmenyamaza kwa heshima, na heshima yenu imenichoma kuliko matusi. Afadhali mngenisuta.

Florentine alikuwa bado hajazikwa. Uwanja ulijaa watu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na kule nyuma bamama wa kanisa walikuwa wakikanda mandazi ya wafiwa, vyombo vikawapungukia. Wakaomba vile vya kitambaa chekundu. Adèle akakataa. Neno likapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu mpaka likafika tulipoketi wanaume, kwamba mke wa Modeste anakatalia sufuria kwenye kilio cha mama mkwe wake. Kaka yangu mdogo Kyungu, aliyetoka Lubudi kusimamia msiba, akanigeukia na kuuliza kwa sauti kama katika nyumba hii anayetawala ni mimi au ni huyo mwanamke.

Nikainuka. Nikaenda jikoni, watu wote wakinitazama. Adèle alisimama mbele ya rafu, akaniambia kwa upole, "Tata, hii iko ya mutoto. Nakulomba." Mimi nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikakifungua kile kitambaa kwa vidole vyangu hivi, nikawapa bamama ile sufuria na kile kikaango, nikasema kwa sauti ili Kyungu asikie kwamba katika nyumba yangu hakuna sufuria ya mtu mmoja. Watu walinisifu. Na mimi, mke wangu akiwa bado ndani ya sanduku, nilifurahia sifa.

Nisimalize haraka, kwa maana lililo baya zaidi lilikuja asubuhi yake. Walikuwa wakigawa chai na mkate. Jémima alisogea na kukaa karibu na mguu wangu, kwa sababu bibi yake hakuwapo tena wa kukaa naye. Kyungu akamkatia kipande, na mtoto akakataa vizuri tu, kwa adabu. Ndipo Kyungu akanigeukia mimi kaka yake, akasema maneno yale mbele ya watu, "Mutoto ya namna gani anakatala mukate ya kilio? Ule iko mulozi, yaya. Anakulaka bantu, njo maana chakula ya bantu anaikatala."

Mnajua neno hilo, mchawi, linavyofanya kazi katika nchi hii. Mnajua watoto wanaolala sokoni kwa sababu ya neno hilo. Mahali pangu palikuwa pa kusimama na kusema, "Kyungu, funga mdomo, huyu ni mjukuu wangu, tumbo lake ni gonjwa." Maneno machache hivyo. Watu wakanitazama. Mtoto naye akaniinulia macho, akisubiri. Na mimi, kwa hofu ya macho ya watu, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ale.

Akala. Alikula kipande chote, polepole, akinitazama mimi. Na kwa siku zote za kilio, mama yake akiwa nyuma akipikia wageni, akaendelea kula mkate mbele ya watu, kwa kuwa babu yake alikuwa amemruhusu, na kile alichopikiwa kando kilitoka kwenye sufuria ile ile niliyoichafua.

Mliyaona yaliyofuata. Kutapika, kuharisha, nywele kubaki kwenye kitana, mtoto kubebwa mgongoni kama kichanga hali alikuwa msichana wa shule. Hospitalini daktari alipouliza kwa ukali nani amempa mkate, nilikuwa nimesimama pale pale, kofia mkononi. Mtoto akanitangulia. Alisema, "Hakuna mutu alinipatia, tata munganga. Njo miye nilikamata." Mtoto mdogo vile, hawezi hata kukaa, ananisitiri mimi mzee wa kanisa. Tangu siku hiyo sijawahi kusimama kuomba kanisani bila kuisikia sauti yake.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Alipona kwa mikono ya Adèle, iliyoanza tena kusugua na kuanika. Na sasa koo langu limekataa kila kitu isipokuwa uji na ule mkate wa mahindi na ndizi, kile nilichokiita chakula cha kuku, na kila jioni Adèle ananilisha kutoka sufuria ya kitambaa chekundu na kunifuta mdomo. Kila kijiko kinanishinda kukimeza kwa aibu, si kwa ugonjwa. Adèle, nisamehe. Hapana, usijibu sasa. Utajibu nikiwa sipo, ili usilazimishwe na heshima.

Sasa sikilizeni amri yangu, kwa sababu hii ndiyo iliyonifanya niwaite. Nikifa, kilio kitakaa katika uwanja huu, na Kyungu atakuja kukisimamia, kwa kuwa ndiyo haki yake. Atataka mkate na mandazi, na vyombo vya jikoni vitachukuliwa tena. Nanyi mtamwogopa kama mimi nilivyowaogopa watu. Lakini hakuna kaka anayeweza kuvunja neno la marehemu, na hiyo ndiyo nguvu pekee iliyonibakia, kwa hiyo nitaitumia. Kilio changu kisiwe na mkate. Ngano isiingie katika uwanja huu mpaka mgeni wa mwisho aage. Chai itanywewa kwa viazi vitamu vya kuchemsha, na mihogo, na karanga. Watu watakula bukari, ugali wa mahindi aliyopembua Adèle, na matamba ya majani ya mihogo, na samaki. Msimpikie mtoto kando. Chakula cha mtoto ndicho kitakachokuwa chakula cha kilio, na wote watakula kama yeye. Mtu akileta mikate, ipokeeni kwa mikono miwili, mshukuruni, kisha ipelekwe kwa jirani yetu Nkongolo, akaigawe kwake.

Modeste, naona unatikisa kichwa. Najua watakavyosema. Watasema unaendesha lori la madini na umemzika baba yako kwa viazi. Wataimba habari hiyo kutoka hapa hadi Fungurume. Ndiyo maana nataka usimame mbele yao kabla ya chakula cha kwanza na kuwaambia kwamba ni mimi niliyeamuru. Na uwaambie sababu bila kuificha. Sema hivi: baba yangu alimpa mjukuu wake kitu alichojua kinamuumiza, kwa kuwa aliwaonea watu aibu. Waache wanicheke mimi. Mimi nitakuwa nimelala, na wewe ni mwanangu, unaweza kulivumilia hilo kwa ajili ya binti yako.

Kyungu msimchukie. Mpeni kiti kizuri. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Ngojeni… nipe maji, Abigaël. Kidogo tu. Huo mshindo ni wa mgodi, msishtuke.

Mungu awape nyumba isiyopasuka. Awape njaa na kitu cha kuituliza. Abigaël, shamba likuzalie, usikae mikono mitupu. Modeste, barabara ikurudishe kwa mkeo kila safari. Adèle, binti yangu… wewe uliyekuja kutoka ukoo mwingine… mikono yako ibarikiwe, na kila unachokigusa kwenye moto.

Nimechoka na Kiswahili bora. Muite mutoto.

Jémima… uko wapi? Kuya, mama. Kuya karibu, macho ya miye nkambo yako inaisha. Nini iko mu sani yako? Ile mukate ya mama yako? Muzuri. Hapana, hapana kutoka inje… nani anakutuma inje? Ikala hapa, juu ya kitanda yangu. Hapa, bote bakuone. Na siku ya kilio yangu, utaikala mbele, pembeni ya tata Kyungu, na bakupatie sani yako wa kwanza.

Kula sasa. Pole pole… mi niko nasikia. Kula mbele ya bantu, mama. Usisikie haya. Haya ni yangu.