Pacha wa Vyuo Viwili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1993, kitinda mimba wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Baba yake, aliyetangulia, alikuwa akisema mtoto huyu hakunyonya maziwa, alinyonya "kwa nini". Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya nyumbani, akaifunga, ikalia vizuri kuliko zamani, na skrubu mbili zikabaki mezani. Familia iliamua kutouliza.

Alimaliza sekondari mwaka 2011, akafanya kazi katika maabara ya shule hadi 2019, mwaka aliodahiliwa kwenye vyuo viwili kwa mpigo. Asubuhi alisoma fizikia chuo kikuu. Mchana alivuka barabara kwenda taasisi ya ufundi kusomea uhandisi wa ujenzi. Vyuo hivyo vilikuwa vimeandikiana makubaliano. Ratiba zao hazikuwa zimeyasoma. Bawabu wa chuo kikuu aliamini muhula mzima kwamba anaona wasichana wawili, mmoja wa madaftari na mwingine wa kofia ngumu, akawasalimia kwa zamu. Jina la Pacha likaganda.

Kwenye mtihani wake wa kwanza wa uhandisi aliandika kama alivyozoeshwa asubuhi: "Tupuuze msuguano." Mhandisi mkuu wa idara alimrudishia karatasi. "Binti yangu, wewe upuuze tu. Ukuta hautakupuuza." Akajirekebisha, wiki iliyofuata akampelekea profesa wa fizikia jibu alilolizidisha mara mbili kwa ajili ya usalama.

"Mama, hii ni kasi ya mwanga," profesa akasema. "Unailinda na nani?"

Alikuwa ameolewa mwaka 2017 na mchomeleaji wa vyuma, ambaye ndiye aliyemtengenezea mifano yote ya masomo.

"Mume wangu, kiungo hiki kitabeba?"

"Kitabeba."

"Umejuaje?"

"Si nimechomelea mimi?"

Alisema hiyo si fizikia wala si uhandisi. Lakini aliikubali, na hakuna hoja nyingine yenye ushahidi haba namna hiyo aliyowahi kuipitisha. Mwaka 2020 walijaliwa binti.

Shahada ya fizikia aliipata Novemba 2023. Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Upande wa uhandisi kilibaki kitu kimoja, kuutetea mbele ya jopo mradi wake wa daraja la waenda kwa miguu, na hicho ndicho alichokitaka kuliko dawa. Mwezi Juni daktari alimwambia huenda akafika mwisho wa mwaka.

"Makadirio hayo umeyawekea akiba, daktari, au umepuuza msuguano?"

Daktari alitazama sakafu. "Nimepuuza, dada."

Basi jopo likaja wodini, Jumanne tarehe 6 Agosti 2024: watu watatu wenye suti kwenye viti vya plastiki, mchoro wa daraja umetandazwa juu ya shuka. Alijibu swali la kwanza, la pili, la tatu. Sauti ikawa inakatika. Mhandisi mkuu akafunga kalamu yake.

"Inatosha, mwanangu."

"Haitoshi, mwalimu. Hujaniuliza upepo."

Akamuuliza upepo. Alijibu akiwa amefumba macho, na mume wake akimshikia kikombe cha maji. Mhandisi mkuu alitoka nje, akasimama kwenye korido akiufuta uso wake kwa tai.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Agosti, alfajiri. Baraza la mitihani litakaa Jumatano ijayo kupitisha matokeo yake. Familia imeombwa iwe na subira, na inajitahidi.

Ameacha mume, binti wa miaka minne, mama na kaka wawili. Binti ameuliza kama mama yake amefaulu. Ameambiwa asubiri Jumatano.

Mola amjalie pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujipa.