Mkunga Uliyemuua, Nasi Tukamfufua

Mgeni rasmi, mtunzi wa mchezo wa redio unaosikika humu kila mchana. Mama Mkuu wa wauguzi. Nanyi mliobeba kamera,

KARIBU
Karibu, keti. Sisi wagonjwa wa wodi ya mifupa, upande wa wanawake, hatuwezi kusimama kukupokea. Miguu yetu imening'inizwa kwa kamba na vyuma. Heshima zote utazipokea tukiwa chali.

Muuguzi wa zamu alituambia Jumatano, baada ya dawa za asubuhi, kwamba umelalamika tunakuibia hadithi, na kwamba utakuja kugawa mashuka na kumkomesha mwizi. Mashuka tumeyaona. Mwizi ni Msusi, wa kitanda cha mlangoni, mwenye nyonga iliyovunjika. Mwangalie vizuri asije akakutoroka.

TULIKOTOKA
Redio ya wodi imetundikwa juu ukutani, na hakuna mwenye mguu wa kuifikia aizime. Kwa hiyo tulikusikiliza tupende tusipende. Kusema kweli, yule mkunga wa mchezo wako tulimpenda. Ulimi mkali, mkono mwepesi. Siku moja ukamtupa mtoni akafa, na mumewe hata hajamwomba radhi. Tukasikia kifo kile kimekupatia tuzo. Hongera. Sisi kilitupatia vidonge vya usingizi.

Bibi wa dirishani, aliyemzika bintiye mwaka huu huu, alilia mpaka akakohoa. "Nimzike na huyu wa redioni?"

Msusi akamjibu, "Tulia, bibi. Hajafa huyo. Alishika mzizi."

"Nani kakwambia?"

"Nakwambia mimi. Amefika nyumbani amelowa chapachapa, anaota moto."

"Na mumewe?"

"Anamchemshia maji ya kuoga."

"Weee! Yule mvivu?"

Wodi nzima ikacheka mpaka vyuma vikagongana.

MAFANIKIO
Tangu siku hiyo Msusi akawa anatusimulia kila tukimaliza kula. Usijisumbue kutafuta tukio humo, hakuna. Mkunga anarudi, maji yanachemka, mume anaomba radhi, wanakula, mvua inanyesha na bati halivuji. Kesho yake tunaomba ile ile. Msusi akithubutu kumwumiza mkunga hata kidole, tunamzomea.

Unashangaa watu wazima kurudia uji ule ule? Mwenye shibe husikiliza hadithi ili ajue itaishaje. Sisi zetu wenyewe hatujui zitaishaje, basi walau moja tuijue mapema. Hili hukulifikiria, bwana mtunzi, maana wewe unalalia ubavu unaoutaka.

Unasema mkunga ni wako, ulimzaa. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Ulimzaa ukamtupa mtoni. Tumemwokota, tumemkausha, tumemlisha. Leo unakuja na kamera kudai mwana?

CHANGAMOTO
Changamoto yetu ni wewe. Tangu ulipopiga simu kulalamika, Mama Mkuu amemfunga Msusi mdomo. Bibi wa dirishani halali, presha imepanda, na daktari amesema isiposhuka hatampasua. Mguu unaoza akisubiri wewe uridhike.

MAOMBI
Mashuka yako ukitaka rudi nayo. Tunaomba jambo moja tu: Msusi aachiwe mkunga. Wewe endelea kumuua huko redioni, na tuzo nyingine upewe. Humu ndani ataishi.

Ukiona aibu kukubali mbele za watu, muulize msaidizi wako, uliyemtuma jana mchana atege sikio. Alikaa ukingoni mwa kitanda kitupu, uso ameukunja kama nguo mbichi. "Haya dada, simulia," alimwambia Msusi. "Nataka ushahidi."

Msusi akaanza. Mkunga akafika. Moto ukawashwa. Wa kitanda cha kati akaanza kukoroma. Mume akaomba radhi, na Bibi wa dirishani, ambaye siku hizo zote macho yalikuwa kodo, akalala mdomo wazi. Mmoja mmoja tukazimika. Msusi akaona ushahidi umetosha, akaikatiza hadithi.

"Na mlango?" msaidizi wako akauliza polepole. "Wameufunga?"

"Wameufunga, kaka."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani."

Msusi naye akafumba macho. Muuguzi anasema aliporudi na sindano alimkuta kijana wako amejilaza na viatu vyake, mkono chini ya shavu, amelala kama mtoto.

Mungu akujalie mifupa mizima na moyo wa kuombeka.

Ni sisi,
Wanawake wa Wodi ya Mifupa