Bibi Agata na Mchungaji Aliyefichwa Kwenye Mchele

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Bibi Agata. Jina lake la nyumbani ni Pyo Bunrye, lakini hapa mjini Jecheon ukimtaja Bunrye watu watakuuliza yupi. Ukisema Bibi Agata wa chumba cha watoto, hata muuza tofu anamjua. Bibi Agata ametutoka Jumanne iliyopita, kwa ugonjwa wa ini.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya kanisa, palipokuwa ghala la makaa. Bibi Agata alikisugua kuta kwa mikono yake. Watoto wadogo, wale ambao bado hawajaanza shule, huvua viatu mlangoni na kuingia na soksi. Meza zinamfika mtu mzima magotini. Kuna altare ndogo ya kadiri yao. Kuna zizi la mbao, na kondoo aliowakata mwenyewe na kuwapiga msasa mpaka wakawa laini kama sabuni iliyotumika. Na kuna mchungaji mmoja, mrefu kama kidole cha kati, amepakwa rangi ya kahawia.

Kazi ya Bibi Agata ilikuwa hii. Alisimulia polepole habari ya mchungaji anayewaita kondoo wake, kila mmoja kwa jina. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Hawa kondoo ni akina nani?" Halafu akanyamaza. Hakujibu. Mtoto atawatoa kondoo, atawarudisha, wiki baada ya wiki, mpaka jibu limjie lenyewe. Kumpa mtoto jibu, kwa Bibi Agata, ilikuwa sawa na kumlia chakula chake.

Binti yake, Yunju, anatuambia nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. "Ukimuuliza mama kama kabichi ya kimchi imeiva, anakuuliza wewe unaonaje. Kuna siku nilitamani kumrushia kifuniko."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Bibi Agata huyo aliyejua kunyamaza, kuna siku hakunyamaza.

Miongoni mwa watoto wake alikuwamo Daon, wa miaka minne. Mama yake Daon alifariki katikati ya baridi. Akabaki na baba yake, Jaesop, anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha saruji. Jumamosi moja Daon aliketi mbele ya zizi na kondoo mmoja kiganjani. Hakumchezesha. Hakulia. Hakuuliza kitu. Alimshika tu. Bibi Agata akamtazama shingo ile nyembamba, na kola iliyokunjwa vibaya na mkono wa mwanamume, huruma ikamshinda. Akainama akamnong'oneza kwamba mchungaji amemwita mama yake kwa jina na amemchukua.

Daon akamtazama mchungaji wa mbao. Akamtazama sana.

Jumamosi iliyofuata mchungaji hakuwapo. Walitafuta chini ya meza, nyuma ya rafu, hata ndani ya viatu. Hakuonekana.

Kisha Jaesop akaja, na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alisema mtoto halali. Simu ikilia, anamziba baba mdomo. Mwenzake wa kazini akimwita Jaesop barabarani, mtoto anamvuta suruali na kumwambia asiitike, asiitike kabisa, maana ukiitikia unachukuliwa.

"Mama, umemwambia nini mwanangu?"

"Nimemwambia jambo ambalo hakuniuliza," alijibu Bibi Agata, akamwinamia kijana huyo mpaka chini kumwomba radhi.

Jaesop alitaka zaidi ya radhi. Alitaka Bibi Agata amwambie mtoto neno jingine, la kufuta lile la kwanza. Bibi Agata akakataa. Alisema amekwisha kumziba mtoto mdomo mara moja, akisema tena atamziba mara ya pili. Jaesop akaondoka bila kuaga. Jumamosi akamrudisha Daon, lakini kwa sababu tu hakuwa na pa kumwacha.

Hapo, wapendwa, pana jambo ambalo Jaesop hakulijua. Bibi Agata alikuwa ameshaambiwa na daktari kwamba ini lake halitamfikisha mbali. Hofu ile aliitia yeye. Alitaka kuiona inatoka kabla hajafa, na siku zilikuwa haziongezeki.

Yunju alimsihi achonge mchungaji mwingine, kazi ya nusu saa. Mama yake akasema akichonga mwingine, Daon atalazimika kumficha na huyo. Basi masika yote zizi likakaa bila mchungaji. Watoto wengine wakiuliza yuko wapi, Bibi Agata aliwajibu kweli: hayupo.

Majira ya joto Jaesop akampata. Alikuwa anachota mchele wa jioni, kikombe kikagonga mbao. Akamleta kwa Bibi Agata amefungwa kwenye leso. Bibi Agata, macho yameshaanza kuwa manjano, akamrudishia leso yake.

"Mrudishe ulikomtoa. Alale ubavu ule ule."

"Kwenye mchele?"

"Kwenye mchele, Baba Daon. Wewe chota pembeni."

Jaesop mwenyewe anacheka na kufuta macho akituhadithia. Kila jioni alichota pembeni. Mchele ulipopungua alinunua mwingine upesi, mchungaji asibaki wazi mtoto akajua amegunduliwa.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Bibi Agata hakuweza tena kusimama. Aliketi juu ya mto sakafuni, ameegemea ukuta. Jumamosi hiyo Daon alimtoa mfukoni mchungaji mwenye unga wa mchele mabegani. Hakumweka mlangoni mwa zizi, anapowekwa siku zote. Aliwalaza kondoo wote, akamlaza na yeye katikati yao. Akakaa hapo mpaka watoto wengine wakaanza kuvaa viatu.

"Huyu haibi," akasema. "Analala humo humo na wao."

Bibi Agata hakumsifu. Hakuongeza neno. Yunju anasema mama yake aliomba apelekwe bombani, akanawa mikono muda mrefu.

Usiku huo Daon alilala mpaka asubuhi. Bibi Agata hakuiona theluji ya kwanza.

Kwenye maombolezo waumini waliimba sala za marehemu kwa kupokezana, na Jaesop aligawa supu. Daon alisimama mbele ya picha ya marehemu yenye maua meupe. Bibi mmoja wa parokia, kwa wema tu, akamshika mkono: njoo nikwambie Bibi Agata amekwenda wapi. Jaesop akaweka sinia chini.

"Samahani, bibi. Mwache. Hajauliza."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Yunju, na ukoo wote wa Pyo, na watoto wa chumba kile. Mungu ampokee Bibi Agata. Nasi tulio na watoto na wajukuu, usiku huu tukae nao kidogo tukiwa tumefunga midomo, tuone ni mangapi tumewahi kuwajibu kabla hawajasema.

Hadi tunarusha kipindi hiki, Daon bado hajauliza. Baba yake anangoja.