Karai la Maji ya Moto Nyuma ya Kinu

Mulembe, akina mama wa Myanga, na nyinyi wanaume wachache mliokaa karibu na mlango. Nimeitwa niwaeleze nilivyoanguka. Nitaeleza, lakini kwanza mniruhusu niseme nilivyokuwa nimesimama.

Nilirudi kutoka ng'ambo na diploma ya afya ya jamii. Niliipata kwa mikono hii, nikipiga deki hospitalini mchana na kusoma alfajiri. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Katika ukoo wetu mimi ni wa kwanza, wala sioni haya kulisema. Kule kwenye baridi, povu la deki lilikuwa likinichukua mawazo. Nililitazama likitambaa sakafuni polepole, na ndani yake nikawaona watoto wa mitaani wa Kitale wakinukia sabuni, wakitembea kwenye ule ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Niliiota ndoto hiyo mara nyingi mpaka nikadhani ni kumbukumbu.

Basi nikaenda Kitale, nikaanzisha mradi. Kila Jumamosi watoto walipanga foleni kando ya soko. Niliwafundisha kunawa mikono kwa chati niliyoichora mwenyewe, na ilikuwa chati nzuri. Kisha kila mmoja akapata mswaki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa utepe wa samawati. Wasichana wakubwa niliwaongezea sodo. Sabuni mlichanga nyinyi, nami nikaja hapa hapa nikawaambia Kitale inang'aa.

Ndugu zangu, nawaambia, haikuwa inang'aa. Jumamosi moja niliingia dukani kununua sabuni ya kufulia, mwenye duka akanipa kipande chenye utepe wa samawati. Nilipouliza kimetoka wapi, akasema huletewa na chokoraa, na kwamba kuna madam fulani huwagawia, Mungu ambariki.

Cheka tu, mama. Mimi siku hiyo sikucheka.

Nilimtafuta msichana mmoja wa miaka kama kumi na miwili, ambaye kila mara alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Siku hiyo hakuja. Nilimkuta nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, ameketi juu ya gunia, unga umemtua kwenye nywele kama umande. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini wananiuzia sabuni yangu.

"Madam, si ni wewe umesoma?" akasema. "Hii sabuni nitaoga nayo wapi?"

Akanieleza taratibu. Kwenye mfereji wa maji sokoni wanafukuzwa. Mtoni wavulana wakubwa wanawavizia. Sodo zangu alikuwa nazo, hajazifungua, maana hakuwa na pa kujisafisha. Siku ya tatu hiyo alikuwa ameketi pale.

"Nikisimama wataniona sketi," akasema.

Niliondoka. Hiyo ndiyo aibu yangu: nilimwacha ameketi. Nikarudi huku kwetu Bungoma, nikageuza chati ikatazama ukuta, na mlioniuliza kwa nini sionekani niliwaambia ni malaria. Nikilala, povu lilikuja tena, lakini ndani yake palikuwa na gunia tu, na mtoto asiyesimama.

Baada ya wiki tatu nilikwenda Naitiri kwa senge wangu, dada ya baba. Hakuniuliza habari. Alipasha maji, akaweka karai nyuma ya nyumba, akatundika taulo kwenye ua.

"Oga kwanza," akasema. "Umetoka mbali."

Nikiwa pale, mvuke ukipanda kati ya migomba, nikaelewa. Kwetu, nani humpa mgeni sabuni mkononi akamwacha barabarani?

Nilirudi Kitale siku iliyofuata. Mwenye kinu alitupatia pembe moja nyuma, tukaizungushia magunia. Akina mama wanaouza mboga ya sukuma wiki pale wakapasha maji. Msichana alikuwa juu ya gunia lile lile, siku zake za mwezi zimerudi. Nikamwambia maneno ya senge, neno kwa neno.

Akatazama karai. "Hii maji ni ya nani?"

"Ni yako."

Alikaa ndani muda mrefu. Mvuke ulipita juu ya magunia ukachanganyika na ukungu na vumbi la unga, hata sikujua kipi ni kipi. Alipotoka, amevaa sketi ya binti wa mmoja wa wauza sukuma, hakuketi. Alivuka soko lote, polepole, katikati, watu wakimwona.

Namshukuru senge, mwenye kinu, na akina mama wa sukuma ambao hawana diploma na walijua kabla yangu. Diploma yangu ingali ukutani, na mimi ningali wa kwanza katika ukoo. Ila nimejifunza kwamba ukitaka kumsafisha mtu, mkaribishe kwanza kama mgeni wako.

Sabuni tunayo ya kutosha, akina mama. Jumamosi leteni kuni.