Alama Iliyofutwa kwa Kiatu

Njooni karibu, wanangu, mkae pande mbili za kitanda hiki, Milton upande wa dirisha, Nibia upande wa mlango, maana mmezoea kutazamana mkiwa na kitu katikati, basi leo kitu hicho ni mimi. Niinueni kidogo. Hapana, mmezidisha, rudisheni huo mto. Na miguu yangu iacheni nje ya blanketi. Haijatulia tangu nilipokuwa msichana, nimewafundisha watoto wa mji mzima wa Paysandú kwamba mchezaji aliyekanyaga kwa kisigino amekwisha kuchelewa, leo ndiyo mnataka kuifunga? Daktari naye kaniambia nipumzike. Nikamwambia, mwanangu, mapumziko yako njiani yanakuja yenyewe, usiyahimize.

Naanza na mali kwa kuwa ni chache. Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Fedha sidaiwi na mtu wala simdai mtu. Raketi zangu za mbao wapeni watoto wa darasa la asubuhi wachezee. Kombe nililoshinda Montevideo, ambalo baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akihifadhia vitunguu saumu, likae palepale juu ya friji. Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonigeuza ubavu huu na ubavu ule tangu jana: viwanja viwili vya tenisi vya nyuma ya nyumba.

Viwanja hivyo havigawanyiki. Ule si udongo wa kuachwa ujitunze. Ni matofali yaliyosagwa, yanataka kumwagiliwa, kufagiliwa na kushindiliwa kila siku, kama mtoto asiyekua. Mkigawana, kimoja kitaota nyasi na cha pili kitaegeshwa magari. Kuna msemo, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyinyi mwaka wa tatu huu hamsemezani, na jirani yetu mwenye duka la matairi haishi kuupima ukuta wangu kwa macho. Anangoja kuvuna ugomvi wenu. Nikifumba macho namwona akipanga matairi mahali nilipoweka mstari mweupe kwa mikono yangu.

Nyamaza, Nibia, mwanangu, zamu yako itafika. Mtoto huyu, tangu utotoni hujibu kabla ya kuulizwa.

Lililowafarakanisha nalijua, ingawa kila mmoja alinisimulia la kwake. Kwenye udongo wetu mpira ukianguka huacha alama, kama kidole kwenye unga. Mwenye upande ndiye huisoma; akiona imegusa mstari huifuta kwa kiatu chake, na akishaifuta amekubali, pointi si yake tena. Nimewafundisha hayo kabla hamjajua kufunga kamba za viatu. Sasa ilipofika fainali ya vijana, mwanafunzi wa Milton akapiga, mpira ukaanguka upande wa mwanafunzi wa Nibia, karibu kabisa na mstari. Binti akasema umetoka, akasimama kando ya alama akimngoja mwamuzi. Ndipo wewe, Milton, mtu mzima, kocha, mwana wangu mimi, Zulma Etchegaray, ukaruka uzio, ukaingia upande usio wako, ukaifuta alama ile kwa kiatu chako na kupiga kelele, "Ndani! Ndani!" Ulimkubalia mtoto wa watu jambo ambalo hakulikubali. Binti akalia, akaondoka na raketi yake. Nawe, Nibia, ukamwambia kaka yako mbele ya wazazi wote, "Wewe si kocha, wewe ni mwizi wa mchana." Kesho yake ukahamia mji wa Salto kufundisha kwenye viwanja vya saruji.

Tangu siku hiyo meza yangu ya Jumapili ina kiti kitupu. Mmoja akija, mwenzake ana mafua.

Nipeni maji. Kidogo tu. Na hicho kibuyu cha chai ya yerba, Milton, mbona umekikumbatia peke yako? Jaza, mpe dada yako. Mpe mkononi, usiweke kitandani.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijawahi kumwambia mtu, hata baba yenu alijua nusu tu. Mnajua nilianza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa kiwanda cha ngozi, na mnajua nilicheza Santiago na Lima na Buenos Aires kabla goti halijanirudisha nyumbani kuwa mwalimu. Watu wa mji huu huniita bingwa, hata muuza nyama hunikatia kipande kizuri kwa ajili ya siku ile ya Montevideo. Lakini pointi iliyonipa kombe lile sikuiona. Nilipiga pigo la mkono wa nyuma, nikajua moyoni kwamba mpira umetoka, nikageuka kwenda kujiandaa tena. Nilipofika mstarini, nikatazama. Haydée wa Rosario, niliyekuwa nacheza naye, alikuwa ameinama juu ya alama. Akaitazama kwa muda. Halafu akaifuta kwa kiatu chake, akaja kwenye wavu akiwa ameninyooshea mkono.

Wenzangu wakanibeba. Mimi nilikuwa natazama nyuma, pale penye alama, na mtu wa ufagio alikuwa anapita juu yake.

Wanangu, nilikaa na jambo hilo kama mtu mwenye mchanga ndani ya soksi. Je, aliona kweli? Au alichoka? Au alinihurumia? Nilifundisha watoto mchana kutwa na usiku niliucheza mpira ule upya. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu langu lilikuwa kombe. Mwishowe, nywele zikiwa nyeupe, nilipanda basi hadi Rosario nikamtafuta. Nikamkuta jikoni anasukuma unga, wajukuu wamemzunguka. Hata sikukaa. Nikamwuliza, "Haydée, ulikuwa ndani au nje?"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akasema, "Zulma, mama wee, bado uko kule uwanjani? Mimi nilirudi nyumbani siku ileile."

Akanipa donge la unga nisukume. Hadi leo sijui.

Nilirudi na jibu hilo, nikadhani limenitosha, na bado miguu hii hainyamazi, mnaiona. Kwa hiyo siwaambii kwamba ni rahisi. Nawaambia tu kwamba nimeona pande zote mbili za wavu, na aliyerudi nyumbani ndiye aliyelala usingizi. Alama yenu imepigwa na mvua ya miaka mitatu. Binti yule aliyelia ameolewa, ana mtoto. Nyinyi wawili ndio bado mmesimama pale mkimngoja mwamuzi.

Nini, Milton? Sema kwa sauti, mvua hii kwenye bati inaimeza sauti yako, na masikio yangu yamekwisha.

Hukuiona ile alama?

Rudia, dada yako asikie. Uliifuta bila kuitazama. Uliogopa kuitazama.

Haya. Haya, mwanangu, usifiche uso. Mkubwa wa miaka hamsini analia kama siku alipoumwa na nyuki. Na wewe, Nibia, unacheka? Unamwita mpumbavu? Mwite, una haki, ila usiliache kofi lako lipotee bure, mpige begani basi ujue umemaliza. Taratibu! Nimesema bega.

Nasikia vizuri sasa. Sijui kama ni nyinyi mnacheka au ni mvua inakatika kwenye bati.

Sikizeni upesi, pumzi inanitoka vipande vipande. Viwanja nawaachia nyote wawili, hati moja, ufunguo mmoja. Atakayetaka kuuza, mwenzake amzuie. Milton afundishe mapigo, Nibia afundishe miguu, maana ana subira nayo kuliko wewe, Milton. Mtoto asiyekuwa na ada afundishwe vilevile. Na asiingie mtu mzima ndani ya mstari watoto wakicheza, hata nyumba ikiungua. Mimi mnizike kando ya baba yenu, bila hotuba. Mtu wa chama cha tenisi akija na karatasi yake ya hotuba, mpeni keki.

Leteni vichwa vyenu. Huyu... na huyu. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape wanafunzi watakaowashinda. Awape meza moja.

Mvua imekatika, siyo? Basi udongo unataka kushindiliwa kwa rola sasa hivi, kabla jua halijaupasua, na rola ile haivutwi na mtu mmoja, mnajua. Nendeni. Sitaki kutazamwa. Nendeni wote wawili, mimi nitasikiliza... nitasikiliza tu.

Nibia... Nibia, subiri. Usiingie na hivyo viatu vyako vya kwenye saruji, vitaukwaruza. Vyangu viko nyuma ya mlango. Vaa. Vitakutosha.