Endelevu Maana Yake Unaendelea

Firdausi mwanangu, ninyanyue kidogo, weka huo mto mgongoni, nikilala chali kifua kinaziba. Hapo hapo. Halidi, njoo ukae karibu na mama yako, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, na hiyo simu izime, kiwanda hakitafungwa kwa kuwa umekaa na baba yako anayekufa. Na wewe mtani, Mahona, usijifanye unatoka nje kwa heshima. Heshima umeianza lini, Msukuma wewe? Kaa hapo kwenye jamvi, maana ninayotaka kuyasema yanakuhusu wewe kuliko hata hawa niliowazaa.

Msinikatize, na asiwepo wa kuniambia nitapona. Daktari kule Kisarawe mjini hakunificha, na hata angenificha, mwili wangu mwenyewe unanieleza. Mali yangu ni hii mnayoiona, na shekhe ataigawa kwa sheria ya dini. Atakayenung'unika akanung'unikie huko huko kwa shekhe, mimi sitakuwepo kumsikiliza. Ninachowausia ni kwamba mikorosho ile ya barabarani isikatwe, mama yenu asitolewe kwenye nyumba hii kwa maneno matamu ya kwenda kupumzika mjini, na ule ugomvi wangu na mdogo wangu Abdulkadiri uzikwe pamoja nami. Mpaka wa shamba aliusogeza, Mungu anajua, mimi najua, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana hajafika hapa tangu nianze kutema damu. Lakini basi, yameisha. Mnasikia ninavyolisema, bado linaniwasha! Haya, nimeliacha.

Sasa nije kwenye jambo lililonizuia kufa jana.

Mwaka juzi, Halidi, ulikuja hapa na gari la kiwanda, umevaa fulana yenye nembo, afisa manunuzi wa kiwanda cha biskuti na unga wa uji kule Kibaha, nami nilijiona mwanamume kuliko wanaume wote wa kijiji hiki cha Mzenga. Watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Ukasimama ukasema wateja wa kiwanda siku hizi wanataka kujua muhogo umetoka shamba gani na umelimwaje, na kwa hiyo kiwanda kimeamua kuanzia sasa kitafanya ununuzi endelevu. Watu wakatazamana. Ndipo Abdulkadiri akanyoosha mkono akakuuliza, "Mwanangu, endelevu maana yake unaendelea?" Dereva alikuwa ameshawasha gari, wewe unatazama saa, ukamjibu, "Ndiyo, baba mdogo, unaendelea." Loo! Vigelegele vilivyopigwa siku ile, hata kwenye harusi yako hukupigiwa. Watu wakarudi majumbani wakijua kiwanda kitanunua muhogo masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka, bila kukoma, na kwamba mwenye shamba dogo amejitakia umaskini wake.

Kumbe neno lilikuwa na maana nyingine. Kumbe lilikuwa linasema msitu usiguswe, maji yasikauke, mtu auze leo kwa namna ambayo wajukuu wake nao watabaki na cha kuuza. Ulikuja kunieleza mwenyewe baadaye, hapa hapa kitandani, machozi yanakutoka. Sikukulaumu, mwanangu. Neno lilikuwa geni, limefanana mno na neno tunalolijua tangu utotoni, na wewe ulikuwa na haraka. Watu wote huwa na haraka.

Lakini msitu ulikwisha. Ule msitu wa juu ya chemchemi, ambao babu yangu aliukuta na mimi nikaukuta, waliugawana vipande vipande wapate pa kupanda muhogo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwamo, Abdulkadiri alikuwamo, na mume wako, Firdausi, alikuwamo. Usiiname, mwanangu, sikusemi wewe, nasema kilichofanyika. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulala hapa, nasikia mashoka kutwa nzima, na usiku moshi wa tanuri za mkaa unaingia dirishani nakohoa mpaka naona nyota. Katika watu wote wa kijiji hiki ni mmoja tu aliyekuja kuniuliza imekuwaje, naye ni huyu Msukuma mwenye ng'ombe. Alisema, "Wewe Mzaramo, nduguzo wanakata miti ya chemchemi, ng'ombe wangu watakunywa nini, kahawa yenu ya barazani?" Nilicheka nikapaliwa. Halafu nikamtuma mtu kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akajibu kwamba mgonjwa apumzike.

Muhogo ukastawi kweli, siwezi kukataa, muhogo mnene kama paja. Na ulipokomaa wakaja watu wa kiwanda na picha zilizopigwa na satelaiti, ya mwaka ule na ya mwaka huu, wakaziweka mezani kwa mtendaji. Hapa msitu, hapa hakuna msitu. Hawakugomba, hawakutukana mtu. Walikunja picha zao wakapanda gari, na tangu siku ile kiwanda hakijanunua hata mzizi mmoja kutoka kwetu. Mwingine umeozea ardhini, mwingine tumeula mpaka watoto wakiuona sahanini wanageuza uso. Chemchemi imekuwa tope, tope limekuwa vumbi, na mama yenu kwa umri huu anaamka kabla ya adhana kwenda kuomba maji kwenye visima vya watu, anasimangwa, anarudi ananiambia amesalimiwa vizuri. Mke wangu, ulidhani sijui? Najua.

Njaa ikishaingia watu hutafuta wa kumbebesha. Sijui nani aliyeanza kusema, ila nililisikia likipita hapo nje, likikua kila likipita, kwamba msitu uliharibiwa na Wasukuma na ng'ombe wao. Na vijana wakaenda wakachoma zizi la Mahona, ndama wakiwa ndani. Nilimsikia mkewe, Kwandu, akipiga mayowe, nikajaribu kuinuka nikaanguka pale chini ya dirisha, Firdausi ndiye aliyeniokota. Asubuhi yake hakwenda mtu kumpa pole. Katika kijiji hiki! Watu wanaojua kusali!

Na wewe, Halidi, wiki iliyopita ukaja na karatasi. Kiwanda kimesema kiko tayari kuturudisha, mradi mzee wa kijiji athibitishe kwamba msitu ulikatwa na wavamizi, si na wakulima wanaokiuzia muhogo. Mzee aliyebaki ni mimi. Ukafungua kile kidau cha wino, ukanishika mkono kwa upole, kwa upole kabisa, ukasema, "Baba, ni dole gumba tu. Watu wote hawa watakula. Mahona ni mgeni, atakwenda kwingine." Nikauvuta mkono. Ulidhani nilikasirika. Sikukasirika, mwanangu, nilitishika, kwa sababu ulikuwa unasema kwa huruma, na ulikuwa unasema kweli. Watu watakula. Nimelala siku zote hizi naliwaza hilo tu, nawaona wajukuu zangu wanavyokonda, na kuna saa mkono huu umetaka kwenda wenyewe kwenye wino.

Lakini Mahona atakwenda wapi? Ameshafukuzwa kwingine kabla ya kuja hapa. Karatasi hiyo ikitoka na dole langu, vijana waliochoma zizi watajua walikuwa na haki, na safari ijayo hawatachoma zizi, watachoma nyumba. Na baada ya hapo kiwanda kitanunua muhogo uliomwagiwa uongo, kikauite endelevu, na mtoto wa mtu huko mjini aule asubuhi na chai. Hapana. Mimi siwezi kuwa mlango wa jambo hilo.

Rudi Kibaha ukawaambie ilivyokuwa: kwamba wewe ulisema neno, sisi tukasikia lingine, na msitu tuliukata wenyewe kwa mikono yetu tukidhani tunawafurahisha. Waulize kinachoweza kufanyika. Yale mashamba ya mlimani yaachwe yachipue, visiki vingine bado ni vibichi, na muhogo ulimwe huku bondeni tulikokuwa tukiulima zamani. Labda watakubali baada ya miaka, labda watakataa kabisa na wewe wakufukuze kazi. Sikudanganyi kwamba itakuwa vyema. Na popote utakaponunua chakula cha watu, fika shambani, kunywa maji ya hapo, na ukiulizwa swali, zima gari kwanza, ndipo ujibu.

Maji... Firdausi. Kidogo tu. Inatosha.

Mahona, sogea, sauti inaniishia. Unajua kazi ya mtani msibani, mmeifanya kwetu nasi tumeifanya kwenu. Siku ya kunizika, kaburi likishachimbwa, uingie wewe kabla yangu. Ulale humo. Watakuletea kuku, watakuletea hela ili utoke, kataa; wakikubembeleza watukane, siku hiyo unaruhusiwa, na hakuna Mzaramo atakayemnyanyulia mkono mtani aliye kaburini. Usitoke mpaka Halidi asimame mbele ya watu wote, Abdulkadiri akiwepo, mwenyekiti akiwepo na wale vijana wakiwepo, awaeleze neno lile lilikuwa na maana gani, na aseme kwa kinywa chake ni nani aliyekata msitu. Shekhe atahimiza, atasema maiti haicheleweshwi. Mwambieni haraka hiyo anayo Halidi, akisema tu nitazikwa.

Usilie, Halidi. Ningeweza kukuapisha sasa hivi, ungeapa, nakujua, halafu ungeiona njaa ya watu, huruma ikakushinda, ukakivunja kiapo. Sitaki uniapie.

Mke wangu, nisamehe yote. Firdausi, radhi yangu unayo, wewe na kizazi chako, Mungu akuwekee mkono pale nilipokosa kukuwekea mimi. Mtani... nimekutwika mzigo, nicheke basi, nicheke nikusikie.

Ya kwako, Halidi... Mungu anisamehe, radhi ya kwako sikupi leo. Nimekuwekea pale kaburini, utaichukua ukishasema. Usikawie, mwanangu. Miti ya kunifunika kivuli hakuna tena, na mimi nitakuwa nimelazwa pale juani, nakungoja.