Kaa wa Ogola na Sumaku ya Fundi

Benchi letu lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, pale Bondeni, Nakuru, mbele ya kibanda cha kahawa cha Chepkemoi. Sijapata tena raha kama ile, na nasema hivyo nikijua wazee tunapenda kusifia zamani. Jioni moja ya mwaka 1974 tulikuwa wanne. Mimi; Ogola, tuliyemwita Bendera kwa kazi yake ya kupungia treni; Kiprugut, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia; na Balbir, mwenye gereji, tuliyemwita Spana. Miguuni pa Ogola palikuwa na debe la kaa hai. Alikuwa amewatoa mtoni, pale mtaro wa gereji unapomwaga maji, kabla mto haujafika ziwani. Mkewe Nasimiyu alikuwa na mtoto wa siku tatu, na kwao mzazi hunyweshwa supu ya kaa ili maziwa yashuke.

— Bendera, mwaga hiyo kitu, — Redio akaanza. — Jana kulikuja bwana wa kupima maji. Anasema kaa wa huko wanaweka risasi kwa mwili. Ile sumu ya betri. Ikiingia haitoki.

— Na nani ametia risasi kwa mto? — Ogola akauliza.

Sote tukamgeukia Spana. Kila Jumamosi alivunja betri kuukuu za malori na kuziosha hapo mtaroni.

— Mnaniangalia nini? Maji nyeusi kidogo tu! Hiyo mtaro ilikuwa hapo hata kabla ya gereji.

— Kaa wanakula risasi wapate gamba ngumu, — Redio akaendelea. — Kule Gilgil lori ya jeshi ilikanyaga mmoja. Ikapata pancha.

— Wacha uongo! — Spana akamkatiza.

— Uliza mtu yeyote wa Gilgil! Na kule Keringet, radi ikipiga inatafuta kaa kwanza. Miti inaachwa.

— Basi hata ndege wa ziwani ni wekundu kwa sababu ya kutu, — nikamchokoza.

— Hiyo umesema wewe. Lakini fikiria.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ogola hakucheka.

— Nyinyi mnacheza. Sufuria iko kwa moto, na mama mkwe anangoja. Nipeleke ama nisipeleke?

Spana akatoa sumaku mfukoni, ile aliyochambulia vyuma chakavu. Akaipitisha juu ya kaa mmoja mmoja, taratibu, kama daktari. Hakuna aliyenasa.

— Umeona? Hakuna chuma hapa! Peleka supu, bwana.

Ogola akashusha pumzi. Mimi nilipiga makofi, na makofi hayo yananiuma mpaka leo.

Ndipo akatokea Nabalayo, mama mkwe mwenyewe, aliyekuja kumtunza mzazi. Ogola akaruka kutoka kwenye benchi na kusimama kando, macho chini, maana kwa mila hakai pamoja na mkwewe.

— Maji yamechemka. Kaa wako wapi?

Redio akamweleza yote, na radi ya Keringet akaitia. Spana akamwonyesha sumaku. Mama akaitazama.

— Na hiyo risasi ya betri, mwanangu, sumaku yako inaishika?

Spana akaigeuzageuza mkononi. Kila Jumamosi kilichonasa alikitupa upande wa chuma, kilichobaki akakiweka upande wa risasi. Hakuna mtu Nakuru nzima aliyejua jambo hilo kumshinda.

— Hapana, mama, — akasema polepole. — Haishiki.

Ogola akapindua debe. Kaa wakatawanyika kati ya miguu yetu, na hakuna aliyewafukuza.

— Sawa, — Nabalayo akamwambia. — Leo atakunywa uji. Na wale kaa ambao umekuwa ukimletea tangu apate mimba?

Kila Jumapili Ogola alikuwa amepeleka debe. Kila Jumapili, kwenye benchi hilohilo, tulikuwa tumemsifu kwamba huyo ndiye mume. Chepkemoi akatikisa birika; kahawa ilikuwa imekwisha.

Nikilikumbuka benchi lile, vicheko ndivyo hunijia kwanza, na moyo hufurahi. Halafu namwona yule mama. Bado amesimama hapo, anangoja jibu.